Chama cha matanga kimebaki mikononi mwangu peke yangu

BARUA

Asalaam aleykum Ami,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Pamoja na hayo ni katibu wa chama kinachofundisha watoto kuendesha vyombo vya tanga. Kilianzishwa na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa nahodha, pamoja na wenzake wachache, walipoona vijana wa mji huu wanajua kuwasha injini lakini hawajui hata kuitweka foromali, ile boriti inayobeba tanga. Mjomba alipofariki wenzake waliniletea daftari nyumbani, wakasema mwalimu ndiye ajuaye kuandika. Nililipokea kwa moyo mkunjufu, maana nilitaka kazi yake isife.

Tuna vyombo sita. Viwili ni mashua ndogo za mbao zilizoundwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo. Vinne ni viboti vya faiba vya kufundishia watoto, aina ya Optimist, alivyotuachia mgeni mmoja aliyekuwa akikaa kijiji cha Shela kabla hajarudi kwao. Katika hivyo vinne, viwili vimepasuka na vimelala ufukweni tunangoja vipuri kutoka Ulaya. Pia tunaazimwa boti ya injini na mzazi mmoja, akiwa hana safari. Watoto ni kama thelathini, wavulana kwa wasichana. Hakuna mtu anayelipwa. Wazazi hutoa ada ndogo kila mwezi, wengine hawatoi, na hatujawahi kumrudisha mtoto kwa sababu ya pesa.

Ami, kila kitu kiko kwangu. Ufunguo wa stoo uko kwangu. Matanga yanalala chumbani mwangu kwa sababu stoo inavuja. Ada zinaingia kwenye M-Pesa yangu. Jaketi okozi nazisuza mimi kwa maji baridi na kuzianika juu ya dari. Simu haipumziki: "Mwalimu, leo kuna bahari?" "Mwalimu, henza, kamba ya kupandishia tanga, imekatika." Kamati ina watu saba kwenye karatasi, kikaoni tukifika watatu nashukuru. Nikimlalamikia mwenyekiti hunituliza kwa kusema nahodha wengi chombo huenda mrama, afadhali mambo yabaki kwangu.

Halafu kuna kijana wetu mmoja. Ni hodari kweli. Ndiye anayewafundisha watoto kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, na ndiye aliyeshika usukani tuliposhinda mashindano ya Maulidi. Sasa nimejua kwamba katikati ya wiki huichukua mashua yetu kubwa akapeleka wageni kisiwa cha Manda kuvua na kuchoma samaki, na pesa ni zake. Juzi tanga limerudi limechanika upande wa joshi, ule wa mbele unaokabili upepo. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Mwalimu, kila Jumamosi nafundisha bure. Nina mke na mtoto. Chama kinanipa nini?" Wazee wa kamati wanasema nimwache, tukimkera ataondoka.

Lililonifanya niandike ni hili. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani nikakosa siku moja. Watoto walipotoka shule walichukua ufunguo kwa binti yangu, wakaingia majini saa kumi na nusu wakiwa na kijana mmoja tu wa sekondari. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Karibu na magharibi upepo ukaanguka, na viboti viwili vikabebwa na maji kuelekea Shela. Mvuvi aliyekuwa akirudi na boti yake alivifunga kamba akawaleta watoto. Hakuna aliyeumia. Usiku ule wazazi walikuja kugonga kwangu, hawakwenda kwa mwenyekiti.

Mume wangu anasema niachie. Mwenye hoteli mmoja anasema atatulipia meneja, ikiwa jina la hoteli yake litaandikwa kwenye matanga na watoto washindane kila Jumapili mbele ya wageni wake. Na wapo kina mama walionieleza kwamba mabinti zao wakifika gredi ya saba hawatawaruhusu tena. Nimfukuze huyu kijana? Nikubali ya hoteli? Au nirudishe daftari nikalee wanangu?

Katibu aliyechoka, Lamu

JIBU LA AMI

Waaleykum salaam warahmatullah, mwanangu. Mjomba wako Mungu amrehemu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikisoma nasimama pale pale, kwa wale watoto na yule mvuvi. Tuanzie hapo. Mengine yote yanaweza kungoja kikao. Hili haliwezi kungoja hata Jumamosi ijayo.

Siku mbili baada ya mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana. Hapa kwetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni, kisha yanageuka. Yale maji yote yaliyojaza mkondo kati ya Lamu na Manda hutafuta njia ya kurudi baharini, na mlango mkubwa ni ule wa Shela. Sasa tazama: saa ya watoto kutoka shule na saa ya maji kugeuka ni ile ile. Watoto wako waliingia maji yamejaa na kutulia, wakati ambapo bahari humpendeza kila mtu, na nusu saa baadaye ikaanza kuwatoa. Upepo ulipoanguka, kiboti kisicho na kasia wala injini hakikuwa na la kufanya ila kufuata. Ungekuwa upepo wa kusi unavuma kwa nguvu siku ile, ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu maji yanayotoka yakikutana na kusi pale mlangoni huinuka mawimbi mafupi yaliyosimama, na kiboti cha mtoto hakiyawezi.

Mjomba wako alilijua hili bila kutazama saa. Wewe pia unalijua, ndiyo maana ulinitajia mwezi mpevu. Lakini siku ile ulikuwa nyumbani na mgonjwa, na elimu hiyo ilikaa nyumbani na wewe. Pale ufukweni ulifika ufunguo peke yake. Kwa hiyo mimi sioni kwamba una shida tatu, mwanangu. Unayo moja: chama chenu kimewekwa ndani ya mtu mmoja, na mtu mmoja huugua, husafiri, huuguza, huchoka.

Fanya hivi wiki hii, bila kungoja kikao. Badilisha kufuli ya stoo. Andika kwa rangi mlangoni mwa stoo, kwa herufi ambazo hata mtoto wa gredi ya tatu atazisoma, kwamba hakuna chombo kinachoingia majini bila watu wazima wawili, mmoja akiwa ndani ya boti ya injini yenye mafuta. Mwenye boti akiwa na safari, siku hiyo watoto wanafunzwa nchi kavu. Kila mtoto avae jaketi okozi tangu mchangani. Majina yaandikwe wakitoka, yafutwe wakirudi, na anayeandika asiondoke mpaka jina la mwisho lifutwe. Watoto wasipite Shela. Na jioni za bamvua hakuna kutoka, hata mtoto alie.

Ratiba yenu iacheni ifuate mwezi, kama alivyofanya mjomba wako. Tarehe 8 na 9, na tena tarehe 23 na 24 za mwezi mwandamo, maji huwa mafu: mwendo wake ni mdogo, na huingia polepole tangu alfajiri mpaka kama saa nne au saa tano asubuhi. Jumamosi iliyo karibu na siku hizo ndiyo ya wanaoanza. Jumamosi ya bamvua maji hutoka asubuhi yote, kwa hiyo subirini yageuke, muanze kama saa tano. Hapo mtoto aliyekatikiwa kamba huletwa na maji upande wa mji, hapelekwi nje. Kalenda ya Kiislamu iko ukutani katika kila nyumba ya Lamu. Mwambie binti yako mwenye umri wa kujua azungushie siku hizo duara kwa mwaka mzima, na nakala moja aibandike stoo. Baada ya hapo hakuna haja ya mtu kukupigia simu kuuliza kama leo kuna bahari.

Uingereza, ambako vilabu vingi vya matanga huendeshwa na wanachama wenyewe bila malipo, mwanachama hupangiwa siku zake za zamu katika mwaka, iwe kuendesha boti ya uokozi au kuhesabu wanaotoka na kurudi, na boti ya uokozi isipokuwa majini mashindano hayaanzi. Huko huko kuna shirika la kuokoa watu baharini, RNLI, lililoanzishwa mwaka 1824, na wengi wa mabaharia wake mpaka leo ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine. Lakini hufunzwa, hupimwa, na wakiitwa huenda. Nakutajia hayo kwa sababu kwetu mtu akishasema "najitolea" huona ana ruhusa ya kuja akipenda. Kujitolea ni kutodai malipo. Saa uliyoahidi inabaki kuwa deni.

Sasa huyo kijana. Usimfukuze, na usimwache kama wanavyotaka wazee. Swali lake ni la haki. Alichokosea ni kujijibu mwenyewe gizani.

Nieleze hatari kwanza, maana sidhani kamati imeiona. Chombo cha kubeba abiria kwa pesa ni lazima kikaguliwe na kipewe leseni na Mamlaka ya Masuala ya Bahari, hawa tunaowaita KMA. Mashua yenu ni ya kufundishia. Siku mgeni akianguka majini kule Manda, au chombo kikipinduka, swali la kwanza litakuwa chombo ni cha nani na kina ruhusa gani. Jibu ni kwamba ni cha chama, na jina lililo chini ya karatasi za chama ni lako. Wazee wanaokwambia umwache hawakuandika majina yao pale.

Lakini bahari yetu ina sheria yake ya zamani juu ya jambo hili, na kila mvuvi anaijua. Chombo kikirudi, hutolewa gharama, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu. Chombo kina fungu lake, nahodha ana lake, kila baharia ana lake. Viwango hutofautiana baina ya mji na mji na baina ya aina za uvuvi, ila fungu la chombo halikosekani, kwa sababu chombo nacho huchoka: kinataka kalafati ya kuziba mianya, kinataka shahamu ya kupaka, kinataka tanga jipya. Yule kijana amekuwa akichukua mafungu yote matatu, na lile la chombo ndilo lililochanika upande wa joshi.

Basi wekeni wazi. Chama kikitaka mashua moja ifanye kazi ya wageni, ikaguliwe, ilipiwe leseni na bima, na siku zake ziandikwe. Ijumaa mchana isitoke. Jumamosi ni ya watoto, hata aje mgeni wa kulipa mara mbili. Akitoka na wageni, anaandika daftarini kabla ya kung'oa nanga, na akirudi fungu la chombo linaingia kwenye akaunti ya chama siku hiyo hiyo. Mafungu ya nahodha na baharia ni yake na mwenzake, wala mtu asimuonee kijicho. Chama kimsaidie pia kulipia mafunzo na cheti cha kuendesha boti za abiria, kwa makubaliano kwamba atafundisha watoto kwa muda fulani mtakaoelewana. Kijana mwenye mke na mtoto akiona kwamba Jumamosi anazotoa zinamjengea kazi ya halali, hataondoka. Akikataa hata hilo, atakuwa amekujibu, na utawaambia wazee kwamba Maulidi huja kila mwaka lakini mtoto wa mtu harudi mara mbili.

Kuna jambo jingine hapa ambalo mimi linaniuma. Vijana wanaojitolea katika vyama vyetu hawapewi hata chai. Mtu amesimama juani tangu saa mbili, anasukuma vyombo, anafua maji yaliyoingia chomboni, na mchana anarudi kwao na njaa. Tengeni pesa ya chai na mahamri kila Jumamosi kabla hamjatenga pesa ya kitu kingine chochote. Na baada ya mafunzo, watoto wakishakwenda, waacheni walimu nao watweke tanga watoke kwa raha zao saa moja. Ndicho kilichowaleta baharini tangu mwanzo.

Nije kwenye daftari lako na methali ya mwenyekiti. Ni methali ya kweli, ila ameitumia pasipo mahali pake. Inakataza manahodha wengi. Haijasema baharia asiwepo. Itazame mashua ya mashindano inavyopita mbele ya gati: mmoja kwenye usukani, mmoja ameshika demani, kamba ya kuongozea tanga, mwingine anafua maji, na wengine wamekaa kwenye ubao uliotoka nje upande wa upepo, wakisogea nje na ndani ili chombo kisilale. Mtoe mmoja pale uone. Wewe sasa hivi umekaa kwenye kana, mpini wa usukani, umeshika demani, unafua maji na umeambiwa ukimbilie ubaoni.

Kwa hiyo usitafute "msaidizi wa katibu". Cheo hicho hakina kazi na hakuna atakayekitaka. Vunja kazi yako vipande vidogo, kila kipande kiwe na mwisho wake, umpe mtu kwa jina. Baba mmoja ashike ufunguo Jumamosi mbili za mwezi, mwingine mbili zinazobaki. Mama mmoja azichukue jaketi, azisuze, aziangalie kama mshono umeachia, na aseme ni ngapi zinafaa. Mzazi mwenye duka ashike daftari la ada. Mvuvi yule aliyewaokoa watoto umemtembelea kumshukuru? Nenda na mumeo, mpelekee zawadi, na umuombe zamu moja kwa mwezi kwenye boti ya uokozi. Watu wengi hukataa uanachama wa kamati lakini hawakatai kazi ya saa mbili wanayoijua vizuri. Na ukishampa mtu kazi, usiifanye nyuma yake akichelewa. Jaketi zikikosa kusuzwa, Jumamosi ile hakuna kutoka, na kila mzazi ajue sababu. Itauma mara moja au mbili.

M-Pesa yako iondoe kabisa. Sisemi kwamba kuna anayekushuku, ila pesa ya watu ikikaa kwenye simu yako pamoja na pesa ya unga, siku moja utashukiwa au utaikopa. Kama chama hakijasajiliwa, kipo chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022: mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba yenu, na kumbukumbu za kikao kilichoamua. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo inayohusika. Mkipata cheti mtafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili watoshe kutoa pesa, na mmoja katika hao watatu awe mzazi asiyekuwa jamaa yako.

Vile viboti viwili vilivyopasuka visiendelee kungoja Ulaya. Optimist ilichorwa mwaka 1947 na Clark Mills, mjenzi wa boti wa Florida, Marekani, na aliichora makusudi ili wazazi waiunde wenyewe kwa karatasi mbili za plaiwudi. Faiba ilikuja baadaye. Chukua kimoja kilichopasuka upeleke Matondoni, uwaonyeshe mafundi. Watu wanaounda jahazi kwa jicho, bila mchoro, hawatashindwa na kisanduku cha mita mbili na kitu. Tanga lake ni dogo, zaidi kidogo ya mita tatu za mraba, fundi wa matanga atalikata kwa lile la zamani. Cha kuangalia sana ni mifuko ya hewa inayokizuia kuzama kikipinduka. Kama imetoboka, mitungi ya plastiki iliyozibwa vizuri na kufungwa kwa mikanda imara hushika nafasi yake. Kijaribuni maji ya kifuani, mkipindue kwa makusudi mara kadhaa, kabla mtoto hajakipanda. Na waacheni watoto waje kutazama kikiundwa. Huko Matondoni ndiko wengine wao watakakopata kazi.

Ya hoteli nakujibu kwa ufupi. Jina kwenye tanga halina ubaya, hata mashindano ya Maulidi yana wafadhili. Kushindanisha watoto kila Jumapili ili wageni wapate cha kutazama wakinywa chai, hapana, na meneja anayelipwa na hoteli atakuwa mtu wa hoteli. Mwambie huyo bwana kwamba chama kinahitaji jaketi okozi za saizi ya watoto na paa la stoo lisilovuja. Akitoa hivyo, mwandikie jina lake kwenye tanga kubwa. Asipotoa, utakuwa umejua alitaka nini.

Kuhusu mabinti, hao kina mama usibishane nao. Binti akikua, mama ana haki ya kuuliza anatoka na nani na amevaa nini. Wapeni jibu wanaloweza kuliona: chombo cha wasichana peke yao, chini ya mwalimu wa kike, suruali na mikono mirefu ya kitambaa chepesi kinachobana mwilini vya kutosha kisikamatwe na kamba, na mtandio uliofungwa nyuma. Kisha waalike wao wenyewe siku ya maji mafu, wapande, waone. Wewe ni mwalimu wao na ni mwanamke; hilo mwenyekiti hawezi kulifanya. Na msichana mmoja mkubwa umlee tangu sasa awe mfundishaji, ili siku ukiondoka wasichana wasiondoke na wewe.

Maana utaondoka, mwanangu, na ni haki yako. Mumeo hajakosea. Ila usiondoke kesho ukaacha ufunguo juu ya meza. Fuata misimu. Kusi ikikaza, mwezi wa Juni mpaka Agosti, wavuvi wetu wengi huvuta vyombo juu, wakavitia kalafati na kushona matanga. Nanyi fungeni bahari kwa wakati huo. Watoto wafunzwe nchi kavu: vifundo, kusoma mwezi, kuziba tundu, kuzitaja sehemu za chombo. Kikao kikuu na uchaguzi viwe hapo hapo, watu wakiwa na nafasi. Tangaza sasa, kwa maandishi, kwamba katika uchaguzi huo hutagombea ukatibu. Anayekuja kukurithi akae nawe miezi hiyo mkifanya kazi pamoja, ili upepo ukishapungua, kuelekea Septemba na Oktoba, msimu unaowafaa wanaoanza, yeye ndiye awe anafungua stoo. Wewe baki na wasichana tu kama moyo unataka, au usibaki na chochote.

Kikao cha dharura kiite wiki hii, na ajenda iwe moja tu, usalama wa watoto. Waite wale wazazi waliogonga kwako usiku. Wana uchungu, na mwenye uchungu hufanya kazi. Lakini kabla ya kikao, nenda ukaonane na yule kijana. Usimpigie simu wala usimtumie mtu. Nenda kwao baada ya Alasiri, ukae barazani, umwambie kwamba swali alilokuuliza umelichukua, na umweleze habari ya mafungu kabla hajaisikia mbele ya watu. Lile tanga lililochanika lichukue, mlitazame pamoja, muulize yeye ni fundi gani wa kulishona.